Urwiri Nilioumwagilia Maji

Carama, jioni

Zaituni mwanangu,

Katika watu wote waliozaliwa na bahati hapa Bujumbura, baba yako yuko mbele kabisa, na huyo anayenifuata hata kivuli chake sijakiona. Sijisifu, naeleza mambo yalivyo. Nimeendesha lori Uvira, Bukavu, Kigoma, mpaka Dar es Salaam, na kila tairi langu lilipopasuka lilipasukia mbele ya fundi wa kuziba. Nimemuoa mama yako, aliyekuwa anatafutwa na wanaume wenye maduka, wakati mi nina lori la mtu mwingine na mashati mawili. Na juu ya yote hayo nina mkono wa bahati kwenye udongo. Uliza kuanzia hapa mpaka Kinama bustani gani haina gugu la urwiri, watakuleta kwenye mlango wetu. Majirani wanainama, wanang'oa, wanalalamika, mi nakunywa chai. Urwiri ulinitazama, ukaona huyu mtu ana bahati, ukahama.

Kwa hiyo nenda kwenye kazi yako Rutana na roho tulivu. Ila usiisome barua hii kabla gari halijapita Bugarama. Pale wanawake watainua karoti na kabichi mpaka dirishani kwako, kutakuwa na baridi, na hutakuwa na kazi nyingine ila kununua karoti na kusoma.

Mama yako yuko nyuma yangu anafunga begi lako kwa mara ya sijui ngapi. Ameshakuambia ya sabuni, ya chumvi, ya kufunga mlango, ya kutomuazima mtu sufuria. Hayo mi nayaruka. Sasa hivi amechungulia karatasi yangu akasema, "Baba Zaituni, unamuandikia mutoto ao unajiandikia mwenyewe?" Nimemjibu kwamba mtu anayeandika hasumbuliwi. Akacheka mpaka akakaa juu ya begi, maana anajua shule yangu iliishia wapi.

Mi nataka kukuandikia juu ya majani. Ndiyo, majani. We utakuwa mkunga, utapokea watoto wa watu, na baba yako anakuandikia juu ya majani. Vumilia.

Unakumbuka ile picha uliyotuonyesha kwenye simu, ya nyumba watakayokupa kule Rutana na kiwanja nyuma yake? Ulisema, "Papa, ona kulivyo kijani." Niliona. Sikusema kitu kwa sababu ulikuwa na furaha, na mi naijua sana furaha ya mtu anayetazama kijani asichokijua jina. Niliwahi kuwa nayo msimu mzima. Jirani yetu Melikioli amekuwa akikusimulia hadithi hiyo vipande vipande tangu ukiwa mdogo, kila mara anapotaka kunitia aibu mbele ya wageni. Leo naisimulia mwenyewe, nzima.

Tulipotoka Buyenzi kuja kwenye kiwanja hiki, parseli yetu hii, ulikuwa bado mgongoni mwa mama yako. Buyenzi nyumba zinaegemeana, jirani akikohoa we unasema pole bila kuinuka kitandani. Hapa tukapata uwanja, na mi uwanja ukanipanda kichwani. Nilikuwa nimeshusha mizigo kwenye nyumba za wakubwa kule juu ya Rohero, na kila geti lilipofunguka nilikuwa naona pasipalumu, yale majani ya kukatwa chini kama nywele za mwanajeshi, na kiti kimoja katikati. Nikaapa kwamba siku moja na mi nitakaa kwenye kiti kama kile.

Basi nikasafiri. Niliporudi nikakuta mbele ya nyumba kumeota chenyewe. Majani membamba, mafupi, yamelingana, yamefunika udongo wote. Nilimuita mama yako atoke aone. Nikamwambia wengine wanalipa watu kupandiwa, mi nimepandiwa nikiwa safarini. Yeye akachuma jani moja, akalitazama, akasema pasipalumu ina jani pana, hili ni jembamba. Nikamwambia hajafika Dar es Salaam. Miaka ile hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila kitu. Chumvi imezidi kwenye maharage? Hujafika Dar es Salaam.

Kiangazi chote nikamwagilia. Nataka uelewe vizuri: robine ya mtaa, bomba la watu wote, ilikuwa moja, watu wanapanga foleni na bidoni kwa maji ya kunywa, na baba yako anapita katikati yao na maji ya majani. Nikanunua kiti cheupe cha plastiki. Jioni nanyoosha miguu, nawapungia wapita njia kama waziri.

Melikioli alikuwa amehamia jirani karibuni, ameacha ualimu, bado anatembea na mikono nyuma kama anazunguka darasa. Akaja akasimama. "Shoferi, unafuga nini hapa?" Nikamwambia ni jardin, bustani ya kizungu. Akaniuliza kama najua jina la ninachokimwagilia. Nikasema pasipalumu. "Huu ni urwiri," akasema. "Unaunywesha maji, na watoto wangu wako kwenye foleni." Nikamwambia huo ni wivu, na kwamba yeye ajue ubao, mi aniachie udongo. Akaenda zake pole pole. Mtu aliyefundisha watoto wa watu miaka mingi anajua kungoja.

Mvua zikanyesha. Ule urwiri niliokuwa nimeulisha vizuri ukaamka. Juu ya ardhi ulikuwa mpole vilevile, kumbe chini unatembea. Ukapita kwenye mboga za lengalenga za mama yako, zikawa njano, nyembamba, kama watu waliotoka hospitali. Ukapita chini ya ua, ukatokea katikati ya maharage ya Melikioli. Mama yako alikuwa anang'oa, unakatika mkononi, kesho yake upo tena. Hakugombana. We unajua mama yako akigombana mambo ni salama. Akinyamaza, tafuta pa kulala.

Hapo ndipo nikaonyesha akili. Nilichukua jembe, na nguvu nilikuwa nazo, nikakatakata uwanja mzima asubuhi moja, naimba. Mzizi mmoja nimeukata vipande kumi, najiona simba. Baada ya muda kidogo kila kipande kimetoa jani lake. Nilikuwa nimeupanda, Zaituni. Mtu mzima, na jembe lake, anapanda urwiri. Nikaona basi moto utaweza. Nikachoma, ukawaka vizuri, ukaunguza na kitenge cha mama yako kilichokuwa kwenye kamba. Urwiri ukarudi kijani zaidi ya mwanzo, maana moto ulipita juu, na wenyewe unaishi chini. Kitenge hakikurudi.

Yale mabaki ya jembe nikayakusanya nikayaegemeza kwenye ua, nikasema yataoza, yawe mbolea. Hayakuoza. Yakavuka ua.

Asubuhi moja natoka na chai yangu, nakuta fungu la mizizi limewekwa juu ya kiti changu cheupe. Limekaa pale kama mgeni aliyekuja kunisalimia. Melikioli alikuwa amelileta kimya kimya akarudi kwake. Hilo fungu lilinisema kuliko matusi yote niliyowahi kuyasikia kwenye mipaka, na mi nimepita mipaka mingi.

Msimu ule wote hatukusalimiana. Wewe, uliyekuwa umeanza kutembea, na watoto wake mlikuwa mnapita kwenye tundu la ua, mnacheza, mnarudi na udongo puani, na sisi wanaume wawili tunatazamana kama paka. Kilichonivunja ni kumuona siku moja ameinama peke yake kwenye maharage yake. Hana jembe. Ana uma wa shamba, anainua udongo kidogo tu, halafu anaushika mzizi kwa vidole na kuufuata unakokwenda, taratibu, kama mama yako anapochomoa uzi kwenye nguo bila kuichana. Jasho linamtiririka kwa kosa ambalo si lake. Nikaruka ua, nikachuchumaa pembeni yake, nikaanza na mi. Nikavuta, ukakatika. Hakuniangalia. Akasema, "Usivute. Fuata."

Maneno hayo mawili tu. Tulimaliza mstari ule jua likiwa juu ya kichwa, ndipo akaniuliza kama kwetu kuna maji ya kunywa ao yote nimeyapa majani.

Baadaye tulichimba pamoja mfereji kwenye ua, wa kufika magotini, mizizi ikifika pale ione hewa na kufa. Mizizi tuliyoitoa tulikuwa tunaianika juu ya bati, siku kadhaa za jua kali, mpaka inalia kama majani makavu ya mahindi ukiikunja. Haikuingia tena kwenye mbolea hata siku moja. Na pale tuliposafisha tukapanda viazi vitamu, vikafunika udongo kama blanketi, maana urwiri hauna nguvu kwenye kivuli. Mama yako akarudi kuongea. Kitu cha kwanza alichosema ni kuniuliza kama Dar es Salaam wanapanda hivyo.

Sasa nije kwenye la kwako. Hapa kwetu mtoto akienda kuanza nyumba yake anapewa shina la mchaichai la nyumba ya mama yake. Mama yako alitoka nalo kwa bibi yako Buyenzi, na wewe unatoka nalo hapa. Leo mchana ulinikuta nimekaa na beseni, naosha mizizi ya mchaichai, ukacheka. Mama yako akasema, "Mwache, anaosha majani sawa mutoto muchanga." Uliniuliza sababu, nikakuambia mchaichai ni bibi harusi, lazima aende msafi. Nilikuwa natania, lakini urwiri ukitaka kusafiri unapanda kwenye mchaichai. Yote ni majani, yanafanana, yanakumbatiana, jicho linadanganyika. Wengi hapa wamepeleka urwiri kwa watoto wao wakidhani wanapeleka chai.

Ukitaka kuwatofautisha usiangalie juu, angalia chini. Mizizi ya mchaichai ni kama nywele, myembamba, haina vifundo. Mzizi wa urwiri ni mweupe unaokwenda kwenye unjano, una vifundo vifundo kama muwa wa panya, na ncha yake inachoma kidole kama sindano. Ukiutafuna una utamu kidogo. Nilipata mmoja leo, umepenya katikati kabisa ya shina. Nililigawa shina lile, nikaufuata mpaka mwisho wake, nikautoa mzima. Lililo kwenye gunia lililolowa ni safi. Hata hivyo ukifika usilitie ardhini. Liweke kwenye ndoo yenye udongo, lingoje litoe majani mapya, uone anayetoka ni nani.

Kule Rutana utakuta pia ndago. Hiyo inajifanya jani la kawaida, lakini zungusha bua lake kati ya vidole viwili, utasikia pembe tatu. Chini ina vijinjugu vyeusi. Ukivuta, bua linakuja, vijinjugu vinabaki vinakucheka. Chimba mpaka uvifikie.

Na usianze na kiwanja chote. Kosa langu kubwa halikuwa kutojua jina la jani, watu wengi hawajui majina. Kosa langu lilikuwa kutaka uwanja mzima asubuhi moja, ili jioni nikae kwenye kiti. Wewe chukua eneo la kutosha mkeka mmoja. Lisafishe mpaka uweze kuingiza mkono bila kuguswa na kitu. Panda kitu, ukione kimeshika, ndipo uende mkeka wa pili. Watakaopita watasema muganga mpya ni mvivu. Waambie baba yako alikuwa na haraka, na kitenge kikaungua.

Kuna jambo moja sijaligusa, na ndilo lililokuwa karibu kukuzuia usiende.

Ulisema tukiwa tunakula, mama yako ametoka kuuza sokoni na harufu ya samaki wake wa ndagala, mi nimeegemea ukuta kwa sababu ya mgongo huu ulioharibika siku nilipoanguka kutoka juu ya lori. Ulisema utawaandikia watu wa Rutana kwamba kazi hutaichukua. Mama yako akaweka chini tonge lake. Uliniuliza mimi, hukumuuliza yeye. "Papa, nikienda, nani atainama?" Ni kweli kwamba mama yako anatoka alfajiri. Ni kweli kwamba mi nikiinama siinuki. Ni kweli kwamba zile lengalenga na bilinganya ndizo zinazojaza beseni lake siku ambayo ndagala hazipatikani, na urwiri ukirudi mara moja utazila zote. Na umesoma miaka yako yote ili ufike kwenye mlango huo.

Basi kesho yake nikakuzungusha bustanini. Tuta kwa tuta. Ulichuchumaa, ukaingiza kidole kwenye pembe, ukanusa udongo, umekuwa kama Melikioli. Ukaniuliza, "Kweli umeisha?" Nikasema umeisha. Ukauliza lile bati lililolala nyuma ya jiko linafanya nini pale, nikasema ni la kuanikia mizizi, na kwa sababu hakuna mzizi, bati limestaafu. Ukacheka. Siku ileile ukatia saini.

Tangu siku ile nimekuwa mtu mwenye furaha katika nyumba hii, usidhani vinginevyo. Nakuona unajaribu koti jeupe mbele ya kioo kidogo cha mama yako, unapanda kwenye kigoda ili uione na mifuko. Nakusikia unaimba bafuni. Nimewaambia watu wote wa Carama kwamba binti yangu ni mkunga, na wale waliokwishasikia nimewaambia tena, kwa uzuri zaidi.

Melikioli amepita sasa hivi kukuaga, amekukosa, uko kwa rafiki zako. Amesimama mlangoni na mikono nyuma. "Umemuambia?" Nikasema naandika. "Andika yote, Shoferi." Na mama yako, bila kuinua kichwa kwenye begi, akasema, "Yote, Baba Zaituni. Si ya pasipalumu peke yake."

Haya. Umeshapita Bugarama, na gari halirudi nyuma kwa ajili ya abiria mmoja. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo ukilainika, Melikioli ataleta uma wake. Yeye atainua udongo, mi nitakaa kwenye kigoda nifuate kwa vidole. Mkono hauumwi, ni mgongo tu. Tumeshakubaliana, na mama yako ameahidi kutusimamia, maskini sisi. Kwa hiyo usirudi kwa sababu ya haya nitakayoandika hapa chini. Rudi sikukuu. Rudi kula.

Sina bahati na udongo, Zaituni. Urwiri upo. Uko chini ya lile bati nyuma ya jiko, umeenea, umekita, na nilipokuwa nakuzungusha bustanini nilikuwa najua. Kwingine kulikuwa safi kwa sababu ulikuwa unainama wewe.

Na matairi mengi yalipasukia porini.

Baba yako